Kuhamisha Kiwanda Kidogo cha Bia Mtaa Hadi Mtaa Nairobi: Mwongozo Kamili

Matangi yanahamishika. Boila inahamishika. Hata hamira inahamishika, ikifungwa vizuri na kuwekewa barafu. Visivyohamishika ni vitatu: leseni, maji na majirani. Leseni za kutengeneza pombe hapa Kenya hufuata jengo, si kampuni peke yake. Siku unapofunga lango la zamani, umeziacha humo ndani. Maji yanayotoka bombani Kilimani si yale yanayovutwa kisimani kando ya Mombasa Road. Na majirani wa Baba Dogo, waliozoea ngurumo za viwanda, si majirani wa Kileleshwa wenye chama cha wakazi na wakili wao.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayotangulia lori. Jipe mwaka mzima ukiweza, miezi 9 kama huna budi. Anayekuahidi kukumalizia makaratasi yote kwa mwezi mmoja anakuuzia kitu kingine.

Hatua ya 1: Amua ni nini hasa kinachohama

Viwanda vingi vidogo vya bia mjini ni biashara mbili chini ya paa moja: jiko linalopika bia, na baa inayoiuza ikitoka kwenye kegi. Sheria inaziona kuwa mbili, kila moja na leseni yake. Kabla hujampigia dalali simu, jiulize kama ni lazima zihame pamoja.

Mimi ningezitenganisha. Jiko linataka lango la lori, umeme mwingi na mfereji wa maana; baa inataka watu wanaotoka kazini na njia ya matatu iliyo karibu. Jengo lenye yote hayo ni nadra, na kodi yake ni ya kutisha. Kuna sababu nyingine. Desemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alivizuia vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Machi 2024, baada ya vifo vya Kirinyaga vilivyotokana na pombe ya sumu, serikali kuu nayo ikasimamisha leseni za watengenezaji wa pombe za kizazi cha pili, yaani zile za viwandani za bei ya chini, na kuagiza wakaguliwe upya. Agizo la kwanza liliwapata wenye vilabu, la pili likawapata wenye viwanda. Ukiweka vyote mahali pamoja, agizo la upande mmoja linakufungia pande zote mbili.

Kutenganisha kuna gharama: kodi mbili, gari la kubebea kegi na chumba cha baridi huko baa. Kama mauzo hayabebi mzigo huo, tafuta jengo kwenye barabara ambayo tayari ina biashara mchanganyiko, wala usiingie ndani ya mtaa wa nyumba za watu. Kumbuka pia kwamba chini ya sheria ya pombe ya 2010 baa ya kawaida hufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi na sikukuu, na hufungwa saa 5 usiku. Kama baa yako ya sasa inauza bia mchana pamoja na chakula kwa sababu ya aina ya leseni yake, usidhani jengo jipya litapewa leseni ya aina hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Kagua mtaa kuanzia chini ya ardhi

Dalali atakuonyesha dari ndefu, maegesho na lango pana. Wewe mwambie afungue kifuniko cha shimo la maji taka.

Uliza kama jengo limeunganishwa na laini ya maji taka ya jiji au linategemea septiki. Sehemu kubwa ya Karen, kwa mfano, haina laini hiyo. Watu hutumia septiki na magari ya kunyonya. Kiwanda cha bia hutumia takriban lita 4 hadi 10 za maji kwa kila lita moja ya bia, na vidogo huwa upande wa juu, kwa kuwa kuosha tangi dogo hula maji mengi ukilinganisha na bia inayotoka humo. Maji mengi yasiyoingia kwenye kegi huishia mferejini, yakiwa na sukari, hamira, mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na, siku ya kuosha, magadi makali, yaani kastiki. Septiki huendeshwa na bakteria. Ukiwamwagia kastiki Jumatatu na sukari Jumanne watakufa, na harufu itakutambulisha kwa mtaa mzima kabla hujafungua.

Hata penye laini ya jiji, maji taka ya bia yana uchafu mara kadhaa kuliko ya nyumbani, na pH yake, kipimo cha asidi, hupanda na kushuka kutegemea kazi ya siku hiyo. Zungumza mapema na kampuni ya maji ya Nairobi kuhusu kibali cha kumwaga maji ya kiwanda, kisha tenga nafasi ya tangi la kusawazisha: maji yote yakusanyike humo, asidi na kastiki zichanganyike, yapoe, ndipo yatoke polepole. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kutomwaga kabisa vile vinavyoweza kubebwa. Hamira iliyochoka na tope la chini ya tangi vitiwe kwenye mapipa. Machicha ya kimea yachukuliwe na wafugaji wa ng'ombe na nguruwe wa Kiambu na Kikuyu siku ile ile, kwa sababu joto likizidi huchacha usiku mmoja tu. Ukihamia mbali na wafugaji wako, tafuta wengine kabla ya kuhama. Machicha yaliyokosa mnunuzi Ijumaa jioni ni tatizo la Jumamosi asubuhi.

Sasa maji yanayoingia. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka zaidi bwawa la Ndakaini, yakisaidiwa na Sasumua, bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Mengi yake ni maji laini ya Aberdare, yenye chumvi kidogo, na mpishi wa lager hawezi kuomba zaidi ya hapo. Maji ya visima vya jiji ni habari nyingine. Yamekaa ndani ya miamba ya volkeno na huja na bikaboneti ya sodiamu na floraidi. Bikaboneti hupandisha pH ya uji wa kimea, ambayo unaitaka kati ya 5.2 na 5.6, ikipanda, maganda ya shayiri hutoa ukakasi unaobaki ulimini na bia nyeupe huwa nzito bila sababu. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha, na visima vingi vya Nairobi hupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Dawa yake ni mtambo wa kuchuja kwa utando, ambao hutupa sehemu kubwa ya maji yanayoingia, kwa hiyo mzigo wa mfereji unaongezeka tena.

Chukua sampuli ya maji ya jengo jipya, kutoka kwenye bomba la ndani na si kwenye tangi la juu, uipeleke maabara inayotambulika. Omba kalisiamu, bikaboneti, sodiamu, floraidi, kloraidi na klorini. Klorini inaonekana ndogo, lakini ikikutana na vitu vilivyo kwenye kimea huzaa ladha ya dawa ya hospitali. Kichujio cha mkaa kinatosha kuiondoa. Kama jengo lina kisima, uliza kibali chake cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kisima kisicho na kibali kisihesabiwe kuwa maji.

Kisha mgao. Kampuni ya maji hutoa ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa, lakini ratiba na bomba si lazima vikubaliane. Usimuulize mwenye jengo, atakwambia maji hayana shida. Muulize mlinzi, au mama mboga wa kando ya lango, maji huja siku gani na kwa nguvu gani. Pishi la lita 1,000 kwa matumizi ya lita 7 kwa lita ni lita 7,000. Tangi moja la lita 10,000 limekubebea pishi moja na kidogo tu. Ukiona majirani wote wananunua maji ya boza, weka bei ya boza kwenye hesabu ya kila kegi.

Stima ni fupi zaidi: unataka fezi tatu, na unataka kujua transfoma ya karibu inabeba wangapi. Omba Kenya Power makadirio ya mzigo wako mpya kwa maandishi. Ikibidi transfoma iongezwe, gharama huenda ikawa yako. Jenereta iweze kuendesha mtambo wa kupoza na pampu yake, hata kama haiwashi kitu kingine. Tangi linalochacha halisubiri stima irudi.

Mwisho, pima. Sheria ya 2010 inataka mahali pa kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo pawe angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya walio chini ya miaka 18, ya chekechea ikiwemo. Nairobi shule za chekechea zimejificha kwenye bangalo zenye maua langoni, bila bango la kuonekana toka barabarani. Tembea kwa miguu asubuhi, saa ya watoto kuingia, utaziona zote. Na ukiweza, litazame jengo wakati wa masika. Aprili 2024 mafuriko yalionyesha ni mitaa gani ya jiji imejengwa juu ya njia ya maji.

Hatua ya 3: Mkataba wa jengo

Nairobi utapewa mkataba wa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6, na watu husaini bila kuuliza ile miezi inatafuta nini. Mkataba wa biashara usioandikwa, au wa miaka 5 kushuka chini, huangukia ulinzi wa sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, na mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila notisi rasmi unayoweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara. Miezi ile 3 ya juu inakutoa kwenye ulinzi huo. Si lazima iwe mbaya: mtu aliyemwaga sakafu na kujenga mfereji anataka miaka mingi kuliko 5. Lakini ukiukosa ulinzi wa sheria, uandike wako mwenyewe: kiwango cha kupanda kwa kodi, haki ya kuongeza muda, na notisi ndefu.

Vifungu vitatu usivisahau. Kodi ianze kuhesabiwa vibali vikuu vikitoka, au angalau upewe miezi ya matengenezo bila malipo. Mkataba uvunjike bila adhabu kama leseni ya pombe au kibali cha mazingira kitakataliwa. Na iandikwe wazi kwamba matangi, boila, mabomba na mitambo ya kupoza ni mali yako hata vikifungwa ukutani kwa nati. Kwenye bajeti ongeza VAT ya asilimia 16 juu ya kodi ya biashara, na ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka kwa mkataba unaozidi miaka 3. Mkataba unaozidi miaka 2 usajiliwe.

Hatua ya 4: Majirani, kisha NEMA, kisha kaunti

Nimeweka majirani mbele kwa makusudi. Kama kiwanja hakijaruhusiwa kazi ya kiwanda, utaomba kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019, na maombi hayo hutangazwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayofanywa na mtaalamu aliyesajiliwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo hukusanya maoni ya wanaokuzunguka. Leseni ya pombe ina nafasi yake ya pingamizi. Kwa hiyo jirani mmoja aliyeudhika ana milango mitatu ya kukuzuia.

Nenda kwa chama cha wakazi, kwa chifu na kwa wazee wa nyumba kumi kabla tangazo halijabandikwa. Mtu akikuta neno "pombe" kwenye karatasi iliyopigwa misumari getini, tayari umekuwa adui. Nenda na mchoro wa jengo, na ujibu yale wanayoyaogopa kweli: walevi kulala langoni, magari kuziba barabara, muziki, harufu. Siku ya kuchemsha, mvuke wa kimea na hopsi husambaa. Kuna wanaousifu na kuna wanaofunga madirisha. Sema ni siku ngapi kwa wiki na saa ngapi, na bomba la mvuke litaelekea wapi. Kama hapatakuwa na baa, sema hivyo kwanza kabisa, maana nusu ya hasira hupoa hapo. Weka ahadi ndogo unazoweza kuzitimiza na uziandike, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea malalamiko.

Usipeleke kreti la bia. Kwenye kila kamati kuna mzee wa kanisa, na ndiye atakayeandika barua.

Hatua ya 5: Andaa sakafu kabla ya kupaka rangi

Tangi la kuchachisha la lita 1,000 likijaa lina uzito unaozidi tani moja, na linasimama kwa miguu minne midogo. Mhandisi aithibitishe sakafu, hasa kama chini yake kuna ghorofa. Sakafu iinamie mfereji, takriban sentimita 2 kwa kila mita, na ipakwe kitu kinachovumilia asidi na maji ya moto. Saruji tupu huliwa na asidi za kuoshea ndani ya miaka michache. Mfereji wa katikati ya chumba una thamani kuliko kaunta yoyote ya mbao za kifahari. Pesa zikipungua, punguza kwenye baa.

Jambo la kutilia mkazo ni CO2. Hamira huitoa kwa wingi, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini na kujaza mashimo, vyumba vya chini ya ardhi na pembe zisizo na dirisha. Mtu huingia kufuata chombo kilichoanguka na hatoki. Wa pili huingia kumwokoa na yeye pia hatoki. Kama jengo jipya lina besimenti, usichachishie humo. Feni za kutoa hewa ziwe karibu na sakafu, kitambuzi cha gesi kiwe urefu wa goti hadi kiuno, kengele yake isikike nje ya mlango. Hapa usisubiri kuambiwa na mkaguzi.

Hatua ya 6: Panga foleni ya leseni

Makaratasi mengi husubiriana, kwa hiyo yapange. Kibali cha matumizi ya ardhi na leseni ya NEMA hutangulia. Kisha kaunti: kibali cha biashara, cheti cha zimamoto, cheti cha afya ya jengo, na vyeti vya afya vya wafanyakazi. Idara ya usalama kazini, DOSH, husajili mahali pa kazi, na boila, kompresa na matangi ya presha hukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa. Kamati ya leseni za pombe ya kaunti ndogo huja kukagua, kwa hiyo jengo liwe limeshaandaliwa.

Mamlaka ya mapato, KRA, ndio usiocheza nao. Leseni ya kutengeneza bidhaa za ushuru imefungwa na jengo. Usipike hata lita moja ya kuuza kwenye jengo jipya kabla haijatoka. Hesabu stempu za ushuru zilizobaki, andika zilizoharibika, na usizihamishe bila kuwajulisha. Tangu Desemba 2024 ushuru wa bia hupimwa kwa alkoholi halisi: Sh22.50 kwa kila sentilita, na Sh10 kwa mtengenezaji mdogo anayejitegemea mwenye leseni. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za alkoholi, hivyo ni Sh56.25 dhidi ya Sh25. Hakikisha hadhi hiyo ya mtengenezaji mdogo inakufuata kwenye leseni mpya, la sivyo bei zako zote zimevurugika.

Shirika la viwango, KEBS, nalo litataka kukagua kiwanda kipya na kuchukua sampuli kwa kiwango cha bia cha Afrika Mashariki, EAS 63, kabla ya kukuruhusu kuendelea na alama ya ubora. Lebo zenye anwani ya zamani zimekufa. Usichapishe lundo la mwaka mzima sasa hivi.

Hatua ya 7: Weka akiba ya bia, linda hamira

Kuna kipindi ambacho huwezi kupika popote. Huenda kikawa wiki 6, huenda kikawa miezi 3, na wateja hawajali kwa nini. Pika zaidi katika miezi ya mwisho, lakini chagua. Bia isiyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, ikikaa kwenye nyuzi 2 hadi 4, huhimili wiki 6 hadi 8 kwa heshima. Stauti na lager huvumilia zaidi. Zenye hopsi nyingi hupoteza harufu haraka, kwa hiyo hizo ziishe kwanza na zirudi mwisho. Unaweza pia kukodi nafasi kwenye kiwanda kingine chenye leseni, ilimradi KRA na KEBS wanajua nani anapika nini.

Hamira iliyovunwa ikikaa karibu na nyuzi 2 hutumika vizuri ndani ya wiki 2 hivi. Safari yako itazidi hapo. Kama una aina yako mwenyewe uliyoitunza, ipeleke maabara ihifadhiwe kwenye vyombo viwili tofauti, sehemu mbili tofauti. Kama ni ya kununua, agiza mpya ifike wiki ya pishi la kwanza na uache kubembeleza ya zamani.

Weka pia kegi mbili tatu za kila bia kuu, zilizopikwa jengo la zamani, zikae baridi bila kuguswa. Utazihitaji hatua ya 9.

Majira: Januari. Wateja hawana pesa, Njaanuari imewabana, na mvua za vuli zimeisha. Kuhama Aprili ni kuomba lori lizame. Desemba hakuna anayehama na akili zake timamu.

Hatua ya 8: Kufungua, kubeba, kufunga

Tangi halisafiri na bia. Maliza kila kitu, osha kwa kastiki, suuza, toa presha yote, fungua vifuniko na acha hewa ipite kabla mtu hajaingiza kichwa. Piga picha kila kiungo cha bomba na ukibandike namba pande zote mbili. Valvu na mipira ya kuzibia viingie kwenye mifuko yenye namba hiyo hiyo. Maji ya kupozea yenye glaikoli yakusanywe kwenye madumu, yasimwagwe mferejini.

Ukuta wa tangi la stenlesi ni mwembamba kuliko unavyodhani, na koti la kupozea hubonyea kwa pigo dogo. Lilaze juu ya matairi ya zamani, lifunge kwa mikanda mipana, kamwe si kwa cheni. Kodi kreni yenye cheti na dereva wake, na bima ya mizigo ya safari iwe imeshaanza siku hiyo. Jumapili alfajiri ndiyo saa ya Nairobi kupitika. Pima lango la kule uendako kwa futi ya fundi wewe mwenyewe, pamoja na nyaya za stima zinazoning'inia juu ya barabara.

Fundi wa kuchomelea awe amezoea vyombo vya chakula, anayejaza gesi ya agoni ndani ya bomba anapochoma. Mafundi wazuri wako Industrial Area na Kariobangi. Omba uone upande wa ndani wa kazi yake, sio wa nje. Ukiona weusi na mikunjo ndani, bakteria wataiona pia. Baada ya kuchomelea, pitisha asidi ya sitriki ili stenlesi irudishe ngozi yake ya kujikinga na kutu.

Hatua ya 9: Pika maji kwanza

Pishi la kwanza liwe la maji matupu. Chemsha, pampu, poza, jaza kegi, kana kwamba ni bia. Uvujaji, fyuzi zinazokatika na pampu inayozunguka kinyume kwa sababu fezi zimepishana vyote huonekana siku hiyo, na hasara yake ni maji.

Kisha pika bia unayoijua kuliko zote, ile nyepesi, isiyo na pa kuficha kosa. Rekebisha madini kulingana na ripoti ya maabara. Maji laini ya bomba huhitaji kalisiamu kidogo, ya kuchujwa kwa utando huhitaji zaidi. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo hopsi hutoa uchungu taratibu kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyosema. Kutoka Karen hadi Athi River unashuka mita mia kadhaa, na joto la kuchemka hupanda nyuzi moja hivi. Si nyingi, lakini boila tofauti, sufuria lilelile na mvuke mpya vikijumlishwa, uchungu unaweza kusogea.

Leta zile kegi za zamani. Mimina glasi tatu, mbili za bia ya jengo moja na moja ya jengo lingine, bila alama, na waulize watu wako ni ipi isiyofanana na wenzake. Rudia na watu kadhaa. Wakibahatisha tu, umefika. Wakiipata kila mara, usikimbilie kubadilisha mapishi yote: anza na pH, kisha joto la kuchachia, kisha hamira, kimoja baada ya kingine.

Hatua ya 10: Watu, na lango la zamani

Mpishi msaidizi anayetembea kwa miguu kutoka Mathare hadi Ruaraka hatafika Karen saa 12 asubuhi bila matatu mbili. Waambie wafanyakazi mapema na ukae nao uone nani anaweza kufuata, na nauli itabebwa na nani. Kwa wasioweza, kama nafasi zao zinafutwa, sheria ya ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Wateja ni rahisi zaidi: waambie tarehe ya mwisho, waambie bia zipi zitakosekana na hadi lini, na baa zinazochukua kegi zako zipate akiba yao kabla hujafunga.

Jengo la zamani lina mwisho wake. Waandikie KRA, kaunti, KEBS na DOSH kwamba shughuli hapo zimekoma, ili mwakani usidaiwe leseni ya mahali usipokuwepo. Funga akaunti za maji na stima. Soma kifungu cha kurudisha jengo lilivyokuwa, maana mashimo ya nati za sakafuni na matobo ya mabomba ndiyo yatakayokula amana yako. Siku ya makabidhiano piga picha za mita zote, pita kila chumba na mwenye jengo au wakala wake, kisha msaini wote wawili orodha ya yaliyotengenezwa kabla hujampa funguo.